Kiwanda cha briketi Moshi: tuingie vipi makubaliano ya utafiti na chuo?

Mtambo_Pasua:
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu wa utafiti wa nishati na vyuo.

Kiwanda chetu cha briketi (vipande vya kupikia vya mabaki ya mazao yaliyoshindiliwa) ni kidogo, kipo Pasua, Moshi. Mashine ni moja, ya skrubu yenye kinywa kinachopashwa moto, haitumii gundi. Malighafi ni pumba za mpunga kutoka Lower Moshi na maganda ya kahawa. Wateja wakubwa ni shule za bweni, na tangu Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 utangaze lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034, maulizo yamekuwa mengi. Matatizo ni matatu: majivu yanaganda kuwa klinka, yaani mabonge magumu, kwenye wavu wa jiko, ncha ya skrubu inalika haraka, na kila mteja anataka namba za joto linalotolewa na kilo moja ya briketi, ambazo hatuna.

Bajeti ya utafiti ni shilingi milioni 12 kwa mwaka. Chuo kimoja kimetutumia rasimu ya makubaliano. Inasema matokeo yote ni mali ya chuo, na mtafiti atachapisha atakapoona inafaa. Tusaini?

Bi_Mkataba:
Usisaini hiyo, ndugu yangu. Na hilo si la kukigombeza chuo. Rasimu za aina hiyo huwa zimeandikwa kwa ajili ya wafadhili, hazikuandikwa kwa kiwanda kinacholeta fedha na malighafi yake.

Kwanza tofautisha karatasi mbili. Hati ya makubaliano inasema tu kwamba mna nia ya kushirikiana. Mkataba wa utafiti ndio unaotaja kazi, muda, fedha na nani anamiliki nini. Unahitaji wa pili. Na usaini na chuo chenyewe kupitia kitengo chake cha sheria. Sahihi ya profesa peke yake haikifungi chuo, na akihama, kazi inahama naye.

Ndani ya mkataba weka kiambatisho kinachoorodhesha mnachokijua tayari leo: uwiano wa mchanganyiko, joto la kinywa, kasi ya skrubu, unyevu wa malighafi mnayolisha. Kiandikwe tarehe, kisainiwe na pande zote, kabla sampuli haijatoka getini. Bila hicho, baada ya mwaka hakuna atakayeweza kuonyesha kipi kilikuwa chenu na kipi kimegunduliwa maabara.

Kuhusu matokeo mapya, kwa kiwanda kidogo sipendekezi kung'ang'ania umiliki wote. Omba haki ya kuyatumia bila malipo na bila kikomo cha muda, pamoja na haki ya kwanza ya kununua leseni ya pekee kwa briketi. Chuo kitakubali hayo kwa urahisi zaidi, na mnachohitaji ni kuzalisha.

Uchapishaji ndio wa kuangalia kwa makini. Mwanafunzi lazima atoe tasnifu ili ahitimu, na huwezi kumfungia. Lakini tasnifu ikishawekwa kwenye maktaba ya mtandaoni, jambo hilo si jipya tena, na ombi la hataza (haki ya uvumbuzi) kwa BRELA, wakala wa usajili wa nchini, au ARIPO, shirika la kanda ya Afrika, linaweza kukwama hapo. Andika hivi: muswada wowote uletwe kwenu siku 30 kabla, na mnaweza kuomba uahirishwe hadi siku 90 mkiwa mnawasilisha ombi. Uwiano kamili na mipangilio ya mashine vibaki kwenye kiambatisho cha siri. Tasnifu itumie sampuli A, B, C.

Klinka_Tengeru:
Mkuu, kabla ya mkataba nina swali. Maganda ya kahawa unayotumia ni yapi? Lile ganda jembamba, jepesi, la rangi ya maziwa linalotoka kwenye ukoboaji wa arabika iliyooshwa, au ganda jeusi la buni iliyokaushwa nzima?

Mtambo_Pasua:
Yote mawili. Jembamba linatoka kiwandani hapa hapa Moshi. Jeusi tunaletewa likipatikana, kwa kuwa ni rahisi.

Klinka_Tengeru:
Basi anzia hapo, na huenda usihitaji hata nusu ya bajeti yako.

Ganda jembamba lina majivu machache sana. Jeusi lina rojo lililokaukia ndani, na rojo la kahawa limejaa potasiamu. Pumba za mpunga nazo huacha majivu yanayokaribia moja ya tano ya uzito wake, na karibu yote ni silika, madini yaleyale ya mchanga. Silika peke yake haiyeyuki kwenye jiko la shule. Ikikutana na potasiamu, vinaunda kioo kinachoanza kulainika chini ya nyuzi 800, joto ambalo wavu wako unalipita kila siku. Hiyo ndiyo klinka yako: mchanganyiko wenyewe ndio unaoitengeneza.

Kipimo cha kwanza ni cha bei ndogo. Choma sampuli iwe majivu kwenye tanuru la maabara kwa nyuzi 550. Finyanga majivu kwa tone la maji yawe kidonge cha ukubwa wa kifungo cha shati. Weka vidonge kwa nyuzi 700, 800, 900 na 1000, saa moja kila hatua, kwenye kigae. Kinachobaki unga ukikigusa ni salama. Kilichosinyaa na kung'aa kingoni kimeanza kuyeyuka. Pima pumba tupu, pumba na ganda jembamba, pumba na ganda jeusi. Kazi ya wiki moja kwa mwanafunzi wa stashahada.

Kama jeusi ndilo lenye kosa, una njia tatu: kuliacha, kulitumia bila pumba, au kuongeza kaolini (udongo mweupe wa mfinyanzi) asilimia 2 hadi 5 ya uzito. Kaolini inaishika potasiamu kabla haijafika kwenye silika, na Pugu, karibu na Dar es Salaam, inapatikana. Kuosha maganda kwa maji kunaondoa potasiamu pia, ila utalipia kukausha, na Machi hadi Mei hapo Moshi hutakausha kitu. Swali la shahada ya uzamili liwe hili moja: kiasi gani cha kaolini, kwa mchanganyiko upi, bila kushusha joto wala kuongeza moshi. Hilo Taasisi ya Nelson Mandela hapa Tengeru, Arusha, wanaweza kulibeba, maana ni taasisi ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Usiwapelekee «tuboreshee briketi». Utarudishiwa tasnifu nzuri isiyojibu chochote.

Mlehemu_Themi:
La skrubu usilipeleke kwa profesa kabisa. Ni silika ya pumba inasaga chuma, na inakula zaidi mizunguko ya mwisho karibu na ncha, pale penye joto na mgandamizo. Jenga upya kwa elektrodi (vijiti vya kulehemu) za kabaidi ya kromiamu, ambayo ni ngumu na hailiki haraka. Pasha skrubu nyuzi 250 hadi 300 kwanza, lehemu, kisha izike kwenye majivu makavu ipoe polepole. Ukilehemu chuma baridi, tabaka linapasuka na kubanduka vipande ndani ya kinywa.

Anza daftari leo: uzito wa skrubu kabla, uzito baada, na kilo za briketi katikati. Ukifika TEMDO, shirika la serikali la usanifu wa mashine lililopo Arusha, na daftari hilo, mtazungumza usanifu wa skrubu. Ukifika bila hilo, mtazungumza tu. Chuo cha Ufundi Arusha wanaweza kukupa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wa kulijaza, zamu kwa zamu.

Kalorimita:
Naongezea kuhusu namba za joto, maana hapa watu wanaumia.

Mkataba utaje msingi wa kipimo: kikavu au kama kilivyopokelewa. Briketi ya megajuli 17 kwa kilo ikiwa kavu kabisa, ikiwa na unyevu wa asilimia 12 inampa mpishi kama 14.7 tu. Ukimwandikia bwana shule 17, kuni zikashinda, hatarudi. Majivu yapimwe kwa nyuzi 550. Maabara iliyozoea makaa ya mawe hutumia 815, na namba hizo mbili hazilinganishwi. Kila sampuli irudiwe mara tatu, na udai data ghafi pamoja na rekodi ya asidi ya benzoiki waliyosawazishia kalorimita, kifaa kinachopima joto la briketi. Kwa jiko lenyewe, moshi na ufanisi, taja kiwango cha kimataifa cha kupima majiko, ISO 19867-1 ya 2018.

Malipo gawa: asilimia 30 mkisaini, 40 baada ya vipimo, 30 mkipokea data ghafi yote. Ripoti iliyofungwa vizuri bila data usiilipie.

Bi_Mkataba:
Kweli kabisa. Na fedha za chuo cha umma zinaingia kwa namba ya malipo ya serikali, kisha manunuzi yanapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Kemikali ya laki tatu inaweza kusubiri miezi. Nunueni wenyewe vitu vya kutumika, mvikabidhi kwa hati, na fedha taslimu zibaki kwa posho ya mwanafunzi na ada za vipimo. Akiwepo mtafiti wa kigeni, kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kiwe mkononi kabla hajagusa sampuli.

Mtambo_Pasua:
Asanteni sana, wakuu. Dada Bi_Mkataba, rasimu nairudisha na marekebisho hayo. Klinka_Tengeru, sampuli za vidonge nichukue vipi? Gunia lolote?

Klinka_Tengeru:
Hapana, sehemu ya juu ya gunia hudanganya, pumba nyepesi hukaa juu na mchanga huzama. Chota kutoka magunia kumi, mwaga chini kwenye turubai, changanya, tengeneza kichuguu, kigawe robo nne, tupa robo mbili zinazotazamana. Rudia hadi zibaki kilo mbili. Gawa mbili: kilo moja maabara, kilo moja ibaki kwako ndani ya ndoo yenye mfuniko, tarehe na jina la msambazaji juu yake. Matokeo yakibishaniwa, ya kwenye ndoo ndiyo yatakayokwenda maabara ya pili.