Chapa ndogo za samaki na vyakula: lino, bamba la shaba au printa?

PwezaWino: Wadau, naanza kukusanya picha ndogo za chapa, saizi ya kadi ya posta, zote za vyakula na viumbe vya baharini. Nina nafasi ya fremu sita jikoni. Nichukue lino (picha inayochongwa kwenye linoleamu, ikapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi), bamba la shaba (mistari huchimbwa kwenye shaba, na wino hukaa ndani yake), au nakala za printa ambazo ni rahisi?

Kambamti: Lino, bila kusita. Mistari yake ni minene, kwa hiyo kaa au nusu ya limau inaonekana vizuri hata ukiwa mbali. Ninayo ya dagaa watatu. Nikiiinamisha kwenye mwanga wa pembeni naona wino ulivyotuna kwenye ukingo wa kila pezi.

BibiChaza: Hapo tunatofautiana, Kambamti. Kwa picha ndogo, bamba la shaba halina mpinzani. Mwaka 1650 Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, alichora kombe moja tu la konokono wa baharini, kwenye bamba lenye upana wa sentimita 13 hivi, na madoa yake unaweza kuyahesabu. Sharubu za kamba kwa lino? Zinatoka kama kamba za kufungia mzigo.

Kambamti: Kwa sharubu nakubali, Bibi.

MpendaKaratasi: Mimi nilinunua sita za printa kwa mkupuo, muuzaji akiziita toleo maalumu. Nilipoweka kioo cha kukuzia, vinyonyeo vya pweza vikawa vitone vitupu. Kupamba ukuta zinafaa, ila ulizia wino wa pigimenti, yaani wenye chembe za rangi, maana wino wa kawaida hupauka mapema.

Magamba: Mmeisahau gyotaku! Wavuvi wa Japani katika karne ya 19 walimpaka samaki wino, wakamlazia karatasi juu, ili wabaki na kumbukumbu ya walichovua. Ukubwa ni wa samaki mwenyewe, kwa hiyo tafuta za samaki wadogo.

PwezaWino: Asanteni. Na 7/40 chini ya picha ni nini?

BibiChaza: Ni nakala ya saba katika toleo lenye nakala arobaini, mwanangu. Kwa kawaida msanii huiandika kwa penseli, pamoja na saini yake. Ila jikoni hapana: mvuke na mafuta vitaila karatasi. Tafuta ukuta usiopigwa na jua, na kioo kisiguse picha. Weka kati yake kadibodi isiyo na asidi.

PwezaWino: Basi ni ukuta wa korido. Naanza na ngisi mmoja wa lino niliyemwona juzi, 12/30. Fremu tano zitangoja.