Mbwa wangu anaua kuku badala ya kuwachunga

Mama Vifaranga, Njoro:
Jamani nina mbwa wa miezi saba, nilimleta achunge kuku juu nguchiro wametumaliza huku, sasa juzi yeye mwenyewe kaua vifaranga watatu na hata hakula, alikuwa anacheza nao tu. Mzee anasema tumpeane. Nifanyeje?

Jirani wa Kakamega:
Pole mama, usimpeane, huyo bado ni mtoto. Mfunge kamba ukae naye kando ya banda dakika kumi asubuhi na jioni, akiona kuku akatulia mpe kipande cha mapafu, akikaza macho na kuinamisha kichwa geuka naye hapo hapo kabla hajaruka. Wangu alichukua miezi minne. Na vifaranga usimwachie kabisa, wakikimbia wakilia ndio anawaka.

Mzee wa Banda:
Watu watakwambia umfunge mbwa kuku aliyekufa shingoni. Nilijaribu. Alimla.

Nyakwar Ahero:
Mayai yakivunjika okota haraka, akionja tu utalia.

Mama Vifaranga:
Asanteni, kesho nanunua kamba. Ya mapafu mzee asijue.