Hivi Waosmani, watawala wa Uturuki ya zamani, walianza kuitoa dini serikalini lini hasa?

Msomaji_Tanga: Wakuu habari za jioni. Mimi nilikuwa najua Uturuki iliachana na sheria za dini enzi za Atatürk, ukhalifa ukafutwa 1924, basi. Sasa nasoma nakuta miaka 85 nyuma, 1839, Sultani Abdülmecid katoa tangazo la Gülhane kwamba raia wote, Muislamu, Mkristo, Myahudi, walindwe roho na mali zao. Hapo walikuwa wanaitoa dini au wanaiokoa dola? Na masheikh mbona hawakugoma?

Kalamu77: Mkuu, tatizo unaweka masheikh upande huu na serikali upande ule, Istanbul haikuwa hivyo. Tangazo lenyewe linaanza kwa kulalamika kwamba dola imedhoofika kwa sababu miaka 150 sheria ya dini haifuatwi, yaani mageuzi yaliingia kwa mlango wa dini. Halafu msome Ahmed Cevdet Pasha, mtu wa madrasa kabisa huyo. Waziri mkuu Âli Pasha alitaka wachukue sheria ya madai ya Wafaransa, Cevdet akakataa, ikaundwa kamati chini yake wakaandika Mecelle kuanzia 1869 mpaka 1876, vifungu 1,851, ndani ni fiqhi (sheria ya Kiislamu) ya madhehebu ya Hanafi ila imepangwa kwa namba kama kitabu cha sheria cha Ulaya. Mimi kile kitabu nakiheshimu sana.

Mpwani_Halisi: Kalamu77 umesema vizuri ila hujamaliza. Sheria ya biashara ya 1850 ilitoka Ufaransa, ya jinai ya 1858 hivyo hivyo, na hiyo Mecelle ikawa inatumika kwenye mahakama mpya za serikali, zile za Nizamiye, siyo kwa kadhi peke yake. Kadhi akabakiziwa ndoa, talaka, mirathi, wakfu. Sisi wa Kenya tunaijua hiyo hali, soma kifungu cha 170 cha katiba ya 2010 uone kadhi wetu anaruhusiwa nini. Inaniuma kwa kweli, sheria iliyokuwa inagusa soko na barabara ikarudishwa sebuleni. Na huo usawa nao ulikuwa nusu, jizya, ile kodi ya wasio Waislamu, ilifutwa miaka ya 1850 lakini wasio Waislamu wakawa wanalipa kodi nyingine badala ya kwenda jeshini.

Msomaji_Tanga: Duh, asanteni. Sasa Sultani Abdülhamid II yeye tumweke wapi? Kote nakosoma wanamwita mtu wa dini.

Kalamu77: Huyo ndio utachanganyikiwa zaidi. 1878 kafunga bunge, akakazania cheo cha ukhalifa, lakini shule za serikali, za kisasa, alifungua nyingi mno. Reli ya Hijaz, Damascus mpaka Madina, 1900 hadi 1908, ilichangiwa na Waislamu mpaka wa India, injinia mkuu Mjerumani, ila kipande cha mwisho kutoka al-Ula kuingia Madina wakakabidhiwa mainjinia Waislamu peke yao.