Tozo kwenye miamala ya simu: mnasema ilijenga vituo vya afya, mimi nasema ilituziba pumzi

Wakuu habari za saa hizi. Jana humu kuna ndugu kaandika kwamba nchi inayokua haina budi kukata hela kwenye simu maana ndiko wananchi wote walipo, na akatoa mfano wa tozo ya 2021 kwamba ilijenga madarasa na vituo vya afya. Namheshimu na vituo nimeviona, ila hapo kwenye "haina budi" sikubaliani kabisa.

Mimi nauza vipuri vya bodaboda Kahama, mzigo natoa Kariakoo. Kabla ya tozo nilikuwa nikiuza tu natuma, leo laki, keshokutwa laki na nusu, jamaa wa Dar anapakia kwenye basi asubuhi nimepata. Julai 15, 2021 tozo ya serikali ikaanza, kati ya sh 10 mpaka sh 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, na hiyo ni juu ya makato ya kampuni yenyewe, halafu anayepokea akienda kutoa anakatwa tena. Nikafanyaje? Nikaanza kulimbikiza kwenye droo nitume mara moja kwa wiki. Sasa hebu piga hesabu, hela yangu imelala droo siku sita, jamaa wa Kariakoo hana mzunguko, bodaboda anakuja kutaka cheni haipo anaondoka. Serikali nayo haikupata kitu kwa ile miamala ambayo sikuifanya. Na huku mtaani watu wakarudi kumpa kondakta bahasha, kitu ambacho tulishakisahau.

Tukumbuke tulikotoka jamani. Enzi za Posta na Simu kupata laini ya mezani ilikuwa mpaka uwe na mtu ofisini. Soko likafunguliwa, Mobitel wakaja na simu za mkononi 1994, TCRA, yaani mamlaka inayosimamia mawasiliano, ikaundwa kwa sheria ya 2003, na 2005 TTCL, kampuni iliyorithi simu za Posta na Simu, wakaondolewa ile haki ya kuhodhi simu za mezani peke yao. Vocha ikashuka mpaka mama muuza mchicha akawa na simu. Mwanzoni ukimtumia hela mtu wa mtandao mwingine alikuwa anapata meseji ya namba akatolee kwa wakala wa mtandao wako, usumbufu mtupu, mpaka 2014 kampuni zilipoanza kuunganisha pochi zao za pesa za simu na Vodacom nao wakaingia 2016. Tanzania tulikuwa wa kwanza Afrika kwa hilo na wengi humu hata hawajui.

Na sio kwamba nasema serikali ikae pembeni, hapana. Ile bei ambayo mtandao mmoja unamlipa mwenzake ukipiga simu ya nje ya mtandao TCRA ndio waliishusha kwa amri, 2018 ilikuwa sh 15.60 kwa dakika ikawa inashuka kila mwaka mpaka sh 2 mwaka 2022. Ndio maana leo bando ni la mitandao yote na hatutembei tena na laini tatu mfukoni. Hilo ndilo jembe la serikali, kuondoa ukuta ili hela na sauti vipite, sasa mkono huohuo ukiweka geti la kulipia katikati ya barabara tunaelewaje?

Najua mtaniuliza vituo vya afya vijengwe na nini. Kwenye muda wa maongezi tayari kuna VAT asilimia 18 na ushuru wa bidhaa asilimia 17, kampuni zinachangia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote kwa ajili ya minara ya vijijini, na faida yao inatozwa kodi. Mzigo wangu ukifika haraka nauza zaidi na TRA wananikuta dukani na mashine ya risiti. Tozo yenyewe walishusha asilimia 30 Septemba 2021 na wakashusha tena 2022, kwa hiyo hata serikali wenyewe waliona imezidi.

Ndugu wa jana naomba unijibu hapa tu: hela iliyokuwa inalala kwenye droo yangu siku sita, ilikuwa inamjengea nani?