Aota iliyotanuka: kwa nini mgonjwa afanyiwe upasuaji wa aina mbili?

Mpwa_Tanga:
Wanajukwaa, nawasalimu. Mjomba wangu amegundulika kuwa aota yake, yaani mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo, imetanuka kuanzia kwenye tao lililo juu ya moyo hadi sehemu inayoshuka nyuma ya kifua, ambako upana umefikia sentimita 6.5. Madaktari wanapendekeza afunguliwe kifua kwanza, kisha baada ya majuma kadhaa apitishiwe mrija kwenye mshipa wa kinena. Ikiwa mrija unaweza kupita kinenani, kifua kinafunguliwa kwa nini?

Muuguzi wa Theta:
Pole kwa kuuguza, ndugu. Mrija huo ni kitambaa kilichoshikizwa kwenye kimia cha chuma. Haushonwi, bali hujibana wenyewe kwenye ukuta wa mshipa, na kwa hiyo unahitaji sehemu ya mshipa isiyotanuka, yenye urefu wa takriban sentimita 2 kila upande, ili damu isipenye pembeni na kuendelea kuujaza uvimbe, yaani sehemu iliyotanuka. Katika tao sehemu hiyo ni adimu, kwa sababu hapo ndipo inapochipuka mishipa mitatu inayopeleka damu kichwani na mikononi. Mrija wa kawaida ukiiziba, kiharusi kinanukia. Ndiyo maana daktari hufungua kifua, huku mgonjwa akiwa kwenye mashine ya moyo na mapafu na mwili wake umepozwa, akabadilisha tao, akaiunganisha upya mishipa ile mitatu na kuacha kipande cha mrija kikining'inia ndani ya aota inayoshuka. Hans Borst wa Hannover, Ujerumani, ndiye aliyeieleza mbinu hiyo mwaka 1983, akaiita mkonga wa tembo. Mrija wa pili, ukitokea kinenani, hujishikiza ndani ya mkonga huo.

Msomaji wa Pwani:
Maelezo hayo ni sahihi, ila familia isije ikadhani kwamba mchanganyiko huo wa kufungua kifua na kupitisha mrija maana yake ni wepesi. Hatua ya kwanza ni upasuaji mkubwa kabisa wa moyo. Uvimbe ungekuwa umeshuka hadi tumboni, ingebidi kuielekeza upya pia mishipa ya utumbo na figo, kazi ambayo mimi binafsi naiona nzito kuliko inavyosimuliwa. Siku hizi vituo vyenye uwezo mara nyingi huchagua mirija yenye matawi yanayoingia kwenye mishipa hiyo, ingawa ile inayotengenezwa kwa vipimo vya mgonjwa husubiriwa kwa majuma.

Mpwa_Tanga:
Nashukuru. Je, hatua zote mbili haziwezi kufanyika siku moja?

Muuguzi wa Theta:
Wapo wanaofanyiwa hivyo, lakini kuifunika kwa mirija sehemu ndefu ya aota kwa mara moja huweza kuunyima uti wa mgongo damu, na mgonjwa akaamka miguu haina nguvu. Nafasi katikati huipa mishipa midogo muda wa kuzoea. Nafasi hiyo nayo ina hatari yake, kwani uvimbe wa chini bado haujatibiwa na unaweza kupasuka. Ombeni tarehe ya hatua ya pili kabla ya ile ya kwanza kufanyika, na shinikizo la damu lidhibitiwe bila kukosa dozi. Baada ya hapo mjomba atahitaji picha za CT mara kwa mara, maisha yake yote, kwa hiyo gharama hiyo nayo iingizwe kwenye hesabu mapema.