Re: Kibarua cha kuripoti besiboli, ile karatasi ya kurekodi mechi inajazwaje?

> Shikamooni kaka na dada zangu. Nipo Ohio mwaka wa pili huu, gazeti la hapa limenipa kibarua cha kwenda mechi za besiboli za shule na kutuma matokeo. Mi mpira naoujua ni ule wa Uwanja wa Ushirika pale Moshi. Naona wenzangu wanajaza namba na herufi, siambulii kitu. Mechi Jumamosi, msaada jamani.

Marahaba mdogo wangu, hongera sana. Nimefanya hiyo kazi misimu minne kabla sijarudi, saa hizi nakuandikia nikiwa Majengo hapahapa Moshi, umeme ndo umerudi sasa hivi.

Shika namba kwanza. Sio za kwenye jezi, wengi wanapotelea hapo, ni za nafasi uwanjani. Anayerusha ni 1, anayedaka nyuma ya mpigaji 2, anayelinda besi ya kwanza (besi ni vituo anavyokimbilia mpigaji) 3, ya pili 4, ya tatu 5, shotistopu anayekaa kati ya besi ya pili na ya tatu ni 6, halafu wale wa mbali kuanzia kushoto kwa mpigaji 7, 8, 9. Kwahiyo 6-4-3 maana yake shotistopu kaokota kampa wa besi ya pili naye kampa wa kwanza, watu wawili wametolewa kwa pigo moja. Mpigaji akila straiki tatu, yaani kashindwa kuupiga mpira vizuri mara tatu akatolewa, andika K, na kama ile ya tatu kaiangalia tu inapita bila kupiga, K unaigeuza kama inavyoonekana kwenye kioo. Hiyo K ni ya Henry Chadwick, ripota aliyezaliwa Uingereza 1824 akafanya kazi New York, S alishaitumia kwingine akachukua herufi ya mwisho ya neno struck.

Penseli beba mbili na ufutio. Mpigaji akifika besi, kama ni kwa pigo lake zuri au mlinzi kakosea, hiyo sio juu yako, muulize skoa rasmi (mtunza rekodi wa mechi) na uandike alichosema.

Sasa hili nakuomba usiliruke hata ukiwa na haraka vipi. Mechi ikiisha, kwa kila timu peke yake hesabu zamu zote za kupiga zilizokamilika, lazima zilingane na pointi + walioachwa kwenye besi inningi ilipoisha + waliotolewa. Shule wanacheza inningi 7 (inningi ni awamu ambayo kila timu inapiga mpaka watu wake watatu watolewe), kwahiyo waliotolewa ni 21, au 18 kama mwenyeji anaongoza na hakupiga nusu ya mwisho. Pointi 4, walioachwa 6, waliotolewa 21, inabidi uwe na zamu 31. Ukipata 30 kuna mtu umemsahau. Mimi siku moja nilituma bila kuhesabu, kumbe nimemwacha mtoto aliyefunga pointi yake ya kwanza kabisa, mama yake alikuwa ameshanunua nakala tatu za gazeti awatumie ndugu. Mpaka leo inaniuma.

Leo usiku tafuta mechi iliyorekodiwa ujaze inningi mbili tatu, simamisha video ukichanganyikiwa. Nilimfundisha hivyo mpwa wangu wa kidato cha pili hapa nyumbani, inningi ya nne alikuwa ananikosoa.

> Asante sana kaka!! Na wakiingiza wa akiba?

Jina lake chini ya aliyetoka, mstari uleule, na uandike inningi aliyoingia. Ligi kubwa ukitoka huruhusiwi kurudi, ila shuleni aliyeanza mechi anaruhusiwa kurudi mara moja, tena nafasi ileile ya kupiga, kwahiyo acha nafasi ya kutosha usiandike majina yamebanana.