Dogo kapata mkopo mkubwa kuliko ada, mbona bado anadaiwa? Naomba mnisomee hii hesabu

Dada_wa_Makoroboi:
Habari za jioni wakuu, wakubwa shikamooni. Mimi nauza mitumba hapa Makoroboi Mwanza, nimeishia form four kwa hiyo mambo ya chuo ndo nayaona saizi kwa mdogo wangu wa mwisho, kachaguliwa chuo cha serikali huko Morogoro, ualimu wa sayansi, anaripoti baada ya siku 12.

Sasa iko hivi. Barua ya chuo inasema ada kwa mwaka 1,200,000, halafu chini kuna orodha ya michango, usajili, kitambulisho, mitihani, serikali ya wanafunzi, bima, TCU, sijui hela ya tahadhari, jumla 215,400. Kwa hiyo chuo kinataka 1,415,400. Mkopo ulipotoka (alikosa batchi ya kwanza akapata ya pili, nyumba nzima tulipiga vigelegele) tukaona jumla 3,880,000. Mimi na akili zangu nikatoa, nikaona inabaki milioni 2 na laki 4 na ushee, nikamwambia mama sasa pumzika, hata hela ya nauli tutarudishiwa. Jana dogo kafungua akaunti yake ya chuo anakuta anadaiwa 695,400. Nimerudia hesabu kwenye daftari la wateja wangu mpaka kurasa zimeisha. Hiyo 3,880,000 iko wapi??

Na kuna kaka mmoja kwenye grupu la WhatsApp anasema tumpe 150,000 atamsukumia dogo aongezewe asilimia ya mkopo, au amuingize kwenye ile skolashipu ya Mama Samia. Mama yetu anaanika dagaa pale Mwaloni Kirumba, baba alishatangulia 2014. Laki moja na nusu kwetu sio hela ya kujaribia. Nisaidieni jamani.

Mwl_Ngosha:
Dada yangu wa Makoroboi, kwanza hongera, pili usimpe huyo kaka hata mia. Ntaeleza taratibu maana na mimi nilipita huko huko, nilimaliza ualimu na nilianza na kosa hilo hilo la kwako.

Mkopo wa Bodi (Bodi ya Mikopo, HESLB) sio furushi moja la hela. Ni mafungu, na kila fungu lina njia yake, halihamii kwa lingine hata ulie. Mwambie dogo aingie kwenye akaunti yake ya SIPA, ile ya mkopo kwenye mtandao wa Bodi, aangalie mchanganuo, sio ile jumla ya chini. Naweza kubahatisha atakachokuta: ada 720,000, chakula na malazi 2,400,000, vitabu na vifaa 200,000, mafunzo kwa vitendo 560,000. Jumlisha uone kama sio 3,880,000 yako hiyo.

Sasa fungu la ada linaenda chuoni moja kwa moja, hamtaliona hata kwa macho. Kapewa 720,000 kwenye ada ya 1,200,000, maana yake asilimia 60, nyie mnabaki na 480,000. Michango yote 215,400 ni ya mzazi, hiyo mkopo hauigusi. 480,000 na 215,400 ndo hiyo 695,400 unayoiona. Chuo hakijakosea.

Chakula na malazi ndo watu wanaita bumu. Ni 10,000 kwa siku ukipewa kamili, inaingia kwenye akaunti ya benki ya mwanafunzi kwa mafungu ya kama siku 60, yaani laki 6, na lazima asaini ndo itoke. Hela ya vitendo ni 10,000 kwa siku kwa siku 56, na hiyo haitoki mpaka muda wa fildi ufike, mwisho mwisho wa mwaka huko, kwa hiyo usiihesabu kabisa, jifanye haipo.

Ukiangalia vizuri utaona ada sio mzigo mkubwa kwenye chuo cha serikali. Mzigo ni kula na kulala, ndo maana 2,400,000 ni mara mbili ya ada. Watu wanahangaika na ada wanasahau kwamba mtoto atakula siku zote hizo.

Halafu nyie hamhitaji 695,400 siku ya kwanza. Vyuo vingi vya serikali vinaruhusu ada kwa semista, kwa hiyo nusu ya 480,000 ni 240,000, ongeza michango maana hiyo wanataka mwanzoni, inakuja 455,400. Bima ni ile 50,400, kama mna bima ya NHIF ambayo iko hai na dogo yumo basi aende na kadi asilipe mara mbili. Kila malipo ni kwa kontrol namba, asimpe mtu hela mkononi.

Bwana_Stimu:
Mwalimu kamaliza yote ila kasahau la mwisho: ni MKOPO. Naona watu wanapiga vigelegele kama wamepewa. Mimi nakatwa 15% ya mshahara wa msingi kila mwezi, zamani ilikuwa 8% wakabadilisha sheria 2016. Na sisi wa enzi hizo tulionja ile 6% ya kulinda thamani ya mkopo, unalipa mwaka mzima ukiangalia deni limenenepa. Hiyo ilifutwa 2021 angalau.

Dogo akija kuajiriwa kwa 700,000 anakatwa 105,000 kabla hajajua nyama bei gani. Nachukia lakini nalipa, bila ule mkopo saizi ningekuwa nasukuma toroli Kirumba.

Asha_wa_Tandika:
@Bwana_Stimu usimtishe dada wa watu, kwanza dogo ana miezi 24 baada ya kumaliza ndo anaanza kudaiwa.

Dada Makoroboi, umesema kitu hapo juu watu wamekipita. Baba alifariki 2014. Je dogo kwenye fomu alijaza kwamba hana baba na akaweka cheti cha kifo? Na mama yupo TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, au hayupo? Maana asilimia 60 kwa mtoto wa mjane anayeanika dagaa inanipa mashaka, nahisi kuna kitu hakikuwekwa. Bodi hawamjui mama yako, wanajua karatasi. Fomu ikisema baba yupo ila hana kazi, na fomu ikisema baba hayupo na cheti kimehakikiwa RITA (wale wa vyeti vya vizazi na vifo), hao ni watoto wawili tofauti kabisa.

Mimi nilikosa mwaka wa kwanza kwa sababu ya herufi moja. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Asha Mohamedi, cheti cha form four shule ilinijaza Asha Mohamed, hiyo i tu. Nilikaa nyumbani Tandika miezi naangalia wenzangu wanaposti picha za hosteli. Nikaenda kwa wakili nikala kiapo, nikarekebisha, mwaka uliofuata nikapata. Kwa hiyo wenye wadogo wa form five na six mnaosoma hapa, kalinganisheni majina LEO, na namba ya NIDA muanze kuifukuzia mapema.

Dada_wa_Makoroboi:
Mwalimu Mungu akubariki, mchanganuo uko vile vile ulivyoandika, nimeshangaa kama vile ulikuwa umekaa humu dukani. Kumbe hizo ni hela nne.

Dada Asha umenishika pabaya. Cheti cha kifo hatuna. Baba tulimzika kijijini Ukerewe, hakuna aliyefikiria makaratasi, na dogo alipojaza stationary yule kijana wa kompyuta akamwambia kama huna cheti ruka hapo usije ukakwama. Akaruka. Mama yupo TASAF ndio, kadi anayo imefungwa kwenye leso kabatini, hatukuiweka pia, hatukujua kama inahusika.

Asha_wa_Tandika:
Hicho ndo nilichokuwa nanusa. Sikiliza dada, dirisha la rufaa huwa linafunguliwa baada ya batchi kutoka, ni kwa waliokosa na pia kwa waliopata kidogo, dogo anaingia mwenyewe kwenye akaunti yake. Ila rufaa bila karatasi mpya ni kama kulia tu, kusema "hali yetu ngumu" kila mtu anasema. Karatasi mpya nyie mnazo mbili, kadi ya TASAF na kifo cha baba.

Kifo kilichochelewa kusajiliwa kinasajiliwa, msikate tamaa. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji mlipozika, awape barua, wapatikane na watu waliokuwepo msibani, halafu ofisi ya mkuu wa wilaya ndo wanaposajili. Mkishapata cheti kinahakikiwa onlaini RITA ndo mnakiskani kwenye rufaa. Inachukua siku, kwa hiyo aende mtu wa nyumbani, dogo mwenyewe asiahirishe chuo kwa sababu hiyo. Chuo aende kwa tarehe yake.

Kuhusu Samia Scholarship, huyo kaka ni tapeli kavu. Ile ilianza mwaka wa masomo 2022/23, ni ya waliofanya vizuri sana form six kwenye masomo ya sayansi, na haizungushwi na mtu. Majina yanatoka kulingana na matokeo, kama umo unaliona jina lako halafu unaomba kupitia mfumo wa Bodi. Wakikupa wanalipa ada yote na kula na mengine, na hairudishwi. Dogo alipata divisheni ngapi?

Dada_wa_Makoroboi:
Two. Point sizitaji hapa asije akaniona 😂

Mwl_Ngosha:
Basi hiyo aiache ipite, two sio mbaya ila kule wanachukua waliopaa. Akazane tu asipate sapu (mitihani ya marudio) nyingi, maana akirudia mwaka mkopo nao unasimama.

Kuna jambo la hela naliongeza dada maana ndo liliniumiza. Bumu ya kwanza kwa mwaka wa kwanza haiwahi. Dogo lazima asajiliwe kwanza, chuo kipeleke majina, ndo asaini, ndo benki. Na kusajiliwa kunataka hiyo 455,400. Kwa hiyo umpe hela ya kula angalau wiki 3 mbali na hiyo. Mimi nilishuka stendi ya Msamvu, Morogoro, usiku na elfu 18 mfukoni nikijua kesho yake nasaini laki kadhaa, nilikula maandazi na maji ya bomba siku tisa. Siku ya tisa jamaa mmoja wa chumbani, Mngoni wa Songea, akanisukumia sahani ya ugali bila kusema neno. Mpaka leo tunapigiana simu.

Na chumba awahi. Akishapata namba ya usajili aombe hosteli ya chuo hapo hapo na alipie ndani ya muda, vikiisha ndo mnaingia kwenye mageto ya mtaani na wenye nyumba huwa wanataka miezi 3 au 6 kwa mpigo, bumu yote inalala hapo. Kama kakosa chumba atafute wa kubebana naye, sio ruhusa ila kila mtu anajua ipo, godoro dogo linalala chini mchana linasimama ukutani.

Kondakta_Mstaafu:
Mimi nina kijana mwaka wa pili. Naongeza moja tu, laptopu sio lazima mwaka wa kwanza. Wa kwangu aliniganda mpaka nikauza mbuzi wawili, nilivyoenda kumtembelea nikamkuta anaangalia muvi za Kikorea na chumba kizima. Maktaba kompyuta zipo.

Bwana_Stimu:
😂😂 Mzee hao mbuzi wamekufa kishujaa.

Dada_wa_Makoroboi:
Wakuu narudi kutoa mrejesho, samahani nilikuwa kimya, ni msimu wa mzigo.

Dogo kaondoka juzi alfajiri. Michango na nusu ya ada tumelipa, nimeuza belo la makoti ya baridi kwa bei ya hasara, mama akachukua hela ya kikoba, anko wa Kahama kaongezea elfu 60. Hela ya kula kampeni ya familia imetoa laki na ishirini, nimemshonea mfuko kwa ndani ya suruali. Yule kaka wa 150,000 nilimuuliza tu jina lake kamili na anakaa wapi, akaniblok.

Cheti cha kifo, mama mdogo alivuka na kivuko kwenda Ukerewe, mtendaji kaandika barua, wazee wawili waliochimba kaburi wamesaini, mmoja kaweka dole gumba. Sasa karatasi ziko wilayani tunasubiri. Kadi ya TASAF imeshaskaniwa, safari hii nilisimama nyuma ya yule kijana wa kompyuta mpaka alipobonyeza kutuma kwenye simu ya dogo. Rufaa ikifunguliwa tuko tayari.

Swali la mwisho, mama kamfungashia dagaa wa Mwaloni ndoo nzima ya lita 20, wakavu wameshakaangwa na chumvi. Hosteli wanaruhusu?

Mwl_Ngosha:
Kupika chumbani ndo wanakataza, akishikwa na jiko la umeme wanalibeba. Dagaa waliokaangwa sio kupika.

Bwana_Stimu:
Ruhusa wanayo ila ndoo aifungie kwenye begi, la sivyo Jumatatu chumba kizima kitakuwa na asili ya Ukerewe.